Makoloni ya OGame na Safari za Usiku

OGame, mchezo wa kompyuta wa anga za juu, ilianza Ujerumani mwaka 2002, ikichezwa ndani ya kivinjari: majedwali ya namba, si picha zinazosonga. Mchezaji alipewa sayari moja, akachimba metali na fuwele, akazalisha deuteri, mafuta ya meli zake.

Makoloni, yaani sayari alizoongeza baadaye, yalileta hesabu ngumu. Sayari ya baridi, iliyo mbali na jua, ilitoa deuteri nyingi, lakini satelaiti zake za jua zilizalisha umeme kidogo. Na umeme ukipungua, migodi nayo huzorota.

Mchezo haukusimama mchezaji alipolala. Rasilimali zilizolundikana ziliwavuta wavamizi, ndipo ikazaliwa desturi ya busara kuliko zote: kupakia mali melini usiku na kuzituma meli safari ndefu. Hata hivyo, adui mwenye rada kwenye mwezi wa sayari yake aliweza kujua saa ya kurudi, akazivizia.