Mtaro wa Maji ya Mvua si Shimo la Majitaka: Yanayokatazwa, Wanaosimamia na Wajibu wa Mwananchi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kila mwaka Mkoa wa Dar es Salaam hupata misimu miwili ya mvua: masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Katika misimu hiyo mitaro ya maji ya mvua hupokea maji kutoka kwenye mapaa, barabara na viwanja na kuyapeleka katika mito ya Msimbazi, Kizinga, Mzinga, Mlalakuwa na mingineyo, na hatimaye katika Bahari ya Hindi. Kazi ya mtaro ni hiyo moja tu. Hata hivyo, katika mitaa mingi mtaro umegeuzwa kuwa mahali pa kutupia taka, kumwagia oili chafu na kutapishia vyoo.

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, mkoa huu una wakazi 5,383,728. Walio wengi hawajaunganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka. Hutegemea vyoo vya shimo na makaro. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kaya moja kufungulia choo wakati wa mvua unawagusa majirani wote waishio upande wa chini wa mtaro huo. Makala haya yanaeleza sheria zinasema nini, nani anawajibika na mwananchi afanye nini.

Mifumo miwili isiyopaswa kuchanganywa

Chanzo kikubwa cha uvunjaji wa sheria ni dhana kwamba maji yote yaingiayo chini ya mifuniko ya barabarani huenda kusafishwa. Dhana hiyo si sahihi.

Mabomba ya majitaka, yanayosimamiwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam (DAWASA), hupokea maji ya vyooni, bafuni na jikoni. Sehemu kubwa ya majitaka hayo, pamoja na yale yanayoletwa na magari ya kunyonya, hupelekwa kwenye mabwawa ya kutibu majitaka kama yale ya Vingunguti, ambako hukaa hadi uchafu upungue.

Mtaro wa maji ya mvua hauna bwawa wala mtambo mbele yake. Kilichomwagwa mtaroni asubuhi kinaweza kuwa mtoni mchana na baharini jioni, kikiwa vilevile kilivyomwagwa. Ndiyo maana mvua za kwanza za msimu ndizo chafu zaidi: hukokota kwa mkupuo mmoja uchafu uliolundikana mitaroni kwa miezi ya kiangazi.

Kuchanganya mifumo kwa upande wa pili ni kosa pia. Mwenye nyumba anayeunganisha maji ya paa na bomba la majitaka hulizidishia bomba hilo mzigo lisilojengwa kuubeba. Matokeo yake ni chemba kufurika na kinyesi kutapakaa barabarani, mara nyingi mbele ya nyumba ya mtu asiyehusika kabisa.

Sheria zinasema nini

Msingi wa yote ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Inampa pia wajibu wa kuyalinda na kuzitaarifu mamlaka pale anapoona jambo linaloweza kuyadhuru. Sheria hiyohiyo inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, fukwe za bahari na maziwa.

Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya sheria hiyo, zinaweka ukomo wa uchafu katika majitaka yanayoruhusiwa kuingia mtoni au baharini. Miongoni mwa viwango hivyo, kipimo cha uchafu unaooza (BOD) hakitakiwi kuzidi miligramu 30 kwa lita, na chembechembe zinazoelea zisizidi miligramu 100 kwa lita. Kiwanda, hoteli au karakana haiwezi kudai kwamba maji yake ni masafi kwa kuyatazama kwa macho. Ni lazima yapimwe.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayetiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa Dar es Salaam, bodi hiyo ni ya Bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa afya mamlaka ya kukagua maeneo na kuamuru kero ya kiafya iondolewe, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inalinda miundombinu ya majisafi na majitaka.

Chini ya sheria hizo kuna sheria ndogo za halmashauri, zinazotungwa kwa mamlaka yaliyotolewa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Hizi ndizo zinazomgusa mwananchi kila siku. Huanza kutumika baada ya wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni, baraza la madiwani kupitisha, Waziri kuidhinisha na tangazo kutolewa katika Gazeti la Serikali. Kwa kuwa kila halmashauri ina sheria ndogo zake, viwango vya faini hutofautiana, na mwananchi anayo haki ya kuziomba na kuzisoma katika ofisi ya kata au ya halmashauri.

Mambo yanayokatazwa

Ingawa maneno ya sheria ndogo hutofautiana, makatazo yafuatayo ndiyo ya msingi:

1. Kutapisha choo au karo kwenye mtaro, barabara au mto, iwe mvua inanyesha au hainyeshi.
2. Kuelekeza bomba la bafuni, jikoni au choo kwenye mtaro wa maji ya mvua.
3. Kumwaga oili chafu, rangi, kemikali au maji ya betri kutoka gereji na karakana.
4. Kutiririsha majitaka ya kiwanda, machinjio au sehemu ya kuoshea magari bila kibali na bila kuyatibu.
5. Kutupa taka ngumu mtaroni, yakiwemo mabaki ya vyakula, chupa za plastiki na taka za ujenzi.
6. Kurundika mchanga, kokoto au saruji mahali ambapo mvua itavisomba na kuviingiza mtaroni.
7. Kujenga juu ya mtaro, kuuziba au kuubadilishia mwelekeo bila idhini.

Mmiliki wa nyumba hawezi kujivua lawama kwa kusema kwamba waliotenda ni wapangaji. Bomba lililofichwa ukutani na kutokea mtaroni ni sehemu ya nyumba, na mwenye nyumba ndiye atakayetakiwa kuliondoa.

Kwa nini jambo hili ni zito

Wakazi wa mabondeni hawahitaji kukumbushwa mafuriko ya Desemba 2011, yaliyosababisha vifo vya watu zaidi ya 40 na kuilazimu Serikali kuwahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande. Mvua kubwa ndiyo iliyoleta maji yale, na ujenzi katika maeneo hatarishi uliwaweka watu katika njia yake. Lakini mtaro ulioziba kwa taka na mchanga huifanya hata mvua ya kawaida iingie majumbani, na maji yakiisha kuchanganyika na kinyesi, kupungua kwake hakumalizi hatari.

Agosti 2015 ugonjwa wa kipindupindu ulilipuka Dar es Salaam na baadaye kuenea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara. Vimelea vya ugonjwa huo husafiri katika maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Kisima kifupi kilicho jirani na mtaro, mtoto anayecheza majini na mboga zinazomwagiliwa kwa maji ya mto ni njia tatu zilizo wazi. Huko chini, kwenye mlango wa Mto Msimbazi, uchafu huohuo hufikia mikoko na maeneo ya mazalia ya samaki.

Mtaro huu ni wa nani?

Malalamiko mengi huchelewa kwa sababu yamepelekwa pasipohusika. Mitaro ya barabara kuu na za mikoa husimamiwa na Wakala wa Barabara (TANROADS). Ile ya barabara za mitaa na za mjini iko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi mwaka 2017. Chemba na mabomba ya majitaka ni ya DAWASA. Uchafuzi unaofanywa na viwanda na miradi mikubwa hufuatiliwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Usafi wa mtaa, ukusanyaji wa taka na usimamizi wa sheria ndogo ni kazi ya halmashauri kupitia maafisa afya na maafisa mazingira.

Mwananchi asiyejua pa kuanzia aende kwa Mtendaji wa Mtaa. Ndiye mwenye wajibu wa kuipokea taarifa na kuifikisha panapostahili.

Namna ya kutoa taarifa

Taarifa yenye manufaa hutaja mahali, siku na saa, rangi na harufu ya maji, na bomba au eneo yanakotokea. Picha husaidia, mradi mtoa taarifa asijihatarishe wala kuingia katika eneo la mtu bila ruhusa.

Dalili iliyo rahisi kuliko zote huonekana kiangazi. Mtaro wa maji ya mvua unapaswa kuwa mkavu ikiwa mvua haijanyesha kwa siku kadhaa. Ukiona maji yanatiririka wakati huo, ama bomba la majisafi limepasuka, ama maji ya ardhini yanachuruzika, ama kuna mtu anatiririsha majitaka. Yote matatu yanastahili kukaguliwa.

Afisa akithibitisha kosa, kwa kawaida hutoa ilani ya maandishi yenye muda wa kurekebisha. Asiyetekeleza hutozwa faini au hufikishwa mahakamani. Anayelipa faini adai stakabadhi ya Serikali. Malipo yasiyo na stakabadhi si faini.

Njia halali kwa kaya

Ni kweli kwamba wengi wanaotapisha vyoo hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Gari la kunyonya majitaka lina gharama, na katika maeneo yaliyosongamana halina njia ya kupita. Hata hivyo, zipo njia za kupunguza mzigo huo. Kaya zinazopakana zinaweza kuchanga na kukodi gari moja kwa siku moja. Pale gari lisipofika, zipo huduma za pampu za mkono na matangi madogo yanayobebwa na pikipiki za magurudumu matatu. Aidha, ni vyema choo kikaguliwe na kunyonywa kiangazi, kwa kuwa wakati wa masika mahitaji ni makubwa na shimo huweza kujaa maji ya ardhini.

Mwenye gereji akusanye oili chafu kwenye pipa lenye mfuniko na kuikabidhi kwa wakusanyaji wenye kibali. Mama lishe amwage mabaki kwenye chombo cha taka na kuyachuja maji ya vyombo kabla ya kuyamwaga kwenye karo. Fundi ujenzi afunike mchanga na kuuzungushia matofali ili usisombwe na mvua.

Kamati za mitaa nazo zinahimizwa kupanga siku ya kuzibua mitaro kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, na kuhakikisha tope linalotolewa linazolewa siku hiyohiyo. Tope lililoachwa ukingoni hurudi mtaroni na mvua ya kwanza, na kazi yote ya mtaa huwa imekwenda bure.