Kuagiza gari Japani hadi Mbarara na Nakivale: bei, ushuru na jina kwenye logibuku

Bei inayoonekana kwenye tovuti ya muuzaji wa Japani ni sehemu tu ya gharama ya gari la mtumba. Hadi gari hilo lifike Mbarara na kupata namba ya Uganda, ushuru na kodi vinaweza kuzidi thamani yake. Kwa mfanyabiashara mkimbizi wa Nakivale kuna jambo la pili la kuangalia: jina linaloandikwa kwenye nyaraka. Hesabu ikikosewa, faida inaliwa. Jina likikosewa, gari lenyewe linaweza kupotea.

Makala haya yanaeleza hatua za kununua gari nje na kuliingiza Uganda, pamoja na mambo yanayowakwamisha wafanyabiashara na wasafirishaji wa ukanda wa kusini magharibi.

Soko la Mbarara na Nakivale

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kupokea wakimbizi wa Rwanda na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika. Leo wako pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na Kiswahili ni moja ya lugha kuu za biashara.

Mahindi na maharage hutoka Nakivale kwenda Mbarara, na bidhaa za madukani hurudi kwa njia hiyo hiyo. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ni njia panda ya barabara za Kampala, Katuna, Mpondwe na Kikagati. Kwa hiyo mahitaji ya pikapu, magari ya abiria na magari madogo ya mizigo kama Toyota Probox ni makubwa, na wengi hutafuta gari moja la kuanzia biashara.

Hatua ya kwanza: umri wa gari

Kabla ya rangi, injini au bei, mnunuzi aangalie mwaka wa kutengenezwa. Sheria ya usalama barabarani ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2018 na kupiga marufuku kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Nchi jirani zina taratibu zao. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Tanzania haikatazi magari makuukuu bali huyatoza zaidi. Kwa sababu hiyo, gari linalokubalika Dar es Salaam huenda lisikubalike Uganda.

Ifahamike kuwa mwaka wa kutengenezwa si lazima uwe sawa na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza Japani. Gari lililotoka kiwandani mwishoni mwa mwaka huweza kusajiliwa mwaka unaofuata. Muuzaji akitaja tarehe ya usajili pekee, mnunuzi adai mwezi na mwaka wa kutengenezwa na ahakikishe kwa namba ya chesisi. Aidha, aache nafasi ya muda wa safari. Meli na forodha vinaweza kuchukua miezi miwili au zaidi, na gari lililo ukingoni mwa umri huweza kuvuka kikomo likiwa njiani.

Gari la usukani wa kulia ndilo linalofaa Uganda, Kenya na Tanzania. Anayekusudia kulifanyia kazi Rwanda, Burundi au Kongo akumbuke kuwa huko magari hupita upande wa kulia wa barabara, na aulize masharti ya usukani kabla ya kununua.

Hali ya gari na malipo

Magari mengi ya Japani hupitia minada, na kila gari huwa na karatasi ya mnada inayoonyesha daraja lake, kilomita na kasoro. Daraja la 4 na kuendelea kwa kawaida ni gari lililotunzwa vizuri. Herufi R humaanisha gari liliwahi kutengenezwa baada ya kugongwa. Muuzaji asiyetaka kutoa karatasi hiyo ana jambo analolificha.

Bei za mtandaoni mara nyingi ni FOB, yaani hadi gari lipakiwe melini. Bei ya CIF huongeza nauli ya meli na bima hadi Mombasa au Dar es Salaam, na hiyo ndiyo ya kulinganishia wauzaji. Malipo yapelekwe kwa hawala ya benki kwenye akaunti ya kampuni iliyotoa ankara. Kama jina la akaunti ni la mtu binafsi, au namba ya akaunti imebadilishwa kwa barua pepe dakika za mwisho, fedha zisitumwe.

Gari pia linatakiwa kukaguliwa kabla ya kusafirishwa, kwa viwango vya Shirika la Viwango la Uganda (UNBS). Lisilo na cheti hukaguliwa likifika, na mwenye gari hulipa faini juu ya ada ya ukaguzi.

Hesabu ya ushuru

Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) haitegemei ankara peke yake. Hutoa orodha ya thamani elekezi za magari ya mtumba kwa aina, mwaka na ukubwa wa injini. Mnunuzi aliyepata bei ya chini sana asitegemee kutozwa ushuru kwa bei hiyo.

Kwa gari dogo la abiria, tozo kuu ni hizi:

- Ushuru wa forodha: asilimia 25 ya thamani ya CIF.
- Kodi ya ongezeko la thamani (VAT): asilimia 18 ya thamani pamoja na ushuru.
- Kodi ya zuio: asilimia 6 ya thamani.
- Tozo ya miundombinu: asilimia 1.5 ya thamani.
- Tozo ya mazingira: hutegemea umri wa gari.

Tozo ya mwisho ndiyo inayogeuza hesabu. Mwaka 2015 ilipandishwa hadi asilimia 35 kwa magari ya miaka 5 hadi 10, na asilimia 50 kwa yaliyozidi hapo. Mipaka ya umri imeguswa tena tangu wakati huo. Kwa kuwa mwaka wa bajeti Uganda huanza Julai 1, gari lililonunuliwa Mei linaweza kutozwa kwa viwango vipya likitua Julai. Kikokotoo cha URA kiangaliwe siku ya kuagiza, na tena kabla ya meli kufika.

Chukua mfano wa magari mawili. La kwanza lina umri mkubwa na thamani ya dola 4,000. Ushuru ni dola 1,000, VAT 900, zuio 240 na miundombinu 60, jumla dola 2,200. Likitozwa asilimia 50 ya mazingira, dola 2,000 huongezeka na kodi hufika dola 4,200. Gari limefika dola 8,200.

La pili ni jipya zaidi, lina thamani ya dola 5,000 na umri wake hauligusi tozo ya mazingira. Ushuru ni dola 1,250, VAT 1,125, zuio 300 na miundombinu 75, jumla dola 2,750. Gari limefika dola 7,750.

Lililokuwa rahisi kwa dola 1,000 mnadani limekuwa ghali kwa dola 450 mwisho wa safari, na bado ni kuukuu. Juu ya yote mawili huongezwa gharama za bandari, wakala, usafiri wa kutoka pwani na ada ya usajili.

Kodi ya zuio si fedha iliyopotea kwa mfanyabiashara anayewasilisha ritani, kwani huhesabiwa kwenye kodi yake ya mapato. Risiti yake itunzwe.

Mombasa au Dar es Salaam

Gari la Mbarara huweza kupitia Mombasa na kuingilia Malaba au Busia, au kupitia Dar es Salaam na kuingilia Mutukula, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2017. Mombasa iko karibu zaidi na Kampala na ina mawakala wengi waliozoea magari ya Uganda. Faida ya Mutukula ni kuwa gari la Mbarara hutokea Masaka bila kupita Kampala.

Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014, tamko la forodha la Uganda hufanywa gari likiwa bado bandarini. Mwenye gari huweza kulipa kodi zote kabla halijaondoka, au kulipeleka kwenye bondi, yaani yadi iliyo chini ya ulinzi wa forodha, na kulipa baadaye. Asiyetaka kuagiza mwenyewe hununua kutoka bondi za Kampala. Hulipa zaidi, lakini huliona gari na kulijaribu. Katika mapatano lazima ajue kama bei ni pamoja na kodi au bila kodi.

Jina la nani?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya biashara na kumiliki mali inayohamishika, likiwemo gari. Hata hivyo, wapo wanaoshawishika kuagiza kwa jina la rafiki au dereva raia wa Uganda ili kuepuka mlolongo wa karatasi. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

Aliyetajwa kama mpokeaji kwenye hati ya shehena ndiye anayetambuliwa na bandari. Aliyeandikwa kwenye kadi ya umiliki, inayoitwa logibuku Uganda, ndiye mwenye gari mbele ya polisi, benki na kampuni ya bima. Rafiki akifariki, gari huingia kwenye mirathi yake. Akidaiwa, mdai wake huweza kulikamata. Akiamua kuliuza, ana karatasi zote mkononi.

Njia salama ni mkimbizi kuanza na kitambulisho chake cha mkimbizi kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM), kuomba namba ya mlipakodi (TIN) URA, na kisha ndipo kuagiza. Jina liandikwe kwa herufi zile zile kwenye ankara, hati ya shehena, tamko la forodha na usajili. Jina lililoandikwa kwa namna mbili, jambo la kawaida kwa majina ya Kisomali na ya Kikongo, linatosha kusimamisha gari bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda. Wanaonunua kwa kuchangiana waandikishe kampuni au waweke mapatano ya maandishi mbele ya wakili, kabla ya fedha kutumwa.

Gari lenye namba ya Tanzania au Kenya

Kutoka Isingiro hadi Kikagati na Murongo, ng'ambo ya mto Kagera, si mbali, na gari lenye namba ya Tanzania huweza kuonekana rahisi. Lakini gari lililolipiwa kodi Tanzania halijalipiwa Uganda. Uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hauondoi ushuru kwa gari lililotengenezwa Japani. Huruhusiwa kuingia kwa kibali cha muda tu. Kibali kikiisha, gari lirudi au lilipiwe kodi, na sharti la miaka 15 liko pale pale.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu gari lililoingizwa kwa magendo kutaifishwa. Mhusika anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini ya nusu ya thamani. Gari lililotumika kubeba mali ya magendo nalo hutaifishwa, hivyo msafirishaji hawezi kujitetea kwa kusema mzigo si wake.

Anayerudi nyumbani na gari

Sheria hiyo hiyo inatoa msamaha wa ushuru kwa anayehamia au kurejea nchini kutoka nje. Ni kwa gari moja, alilolimiliki na kulitumia mwenyewe nje ya Nchi Mwanachama kwa angalau miezi 12 bila kuhesabu muda wa safari. Awe na umri wa miaka 18 au zaidi na asiwe amewahi kupata msamaha kama huo. Mabasi ya abiria zaidi ya 13 na magari ya mizigo ya zaidi ya tani 2 hayamo. Mtu wa Mbarara anayerudi kutoka Uingereza anaweza kunufaika. Aliyeko Dubai akumbuke kuwa magari ya huko yana usukani wa kushoto.

Mkimbizi anayerejea Burundi au Kongo na gari alilolitumia Uganda yuko katika hali nyingine, kwa kuwa Burundi ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Muda aliolitumia Uganda ni muda wa ndani ya Jumuiya. Asiweke msamaha huo kwenye hesabu zake hadi apate jibu la maandishi la forodha ya nchi yake.

Kwa wasafirishaji

Gari linalopitishwa kwenda nchi nyingine lina siku 30 za kutoka, na lifuate njia iliyotamkwa. Dereva asiondoke bandarini bila nakala ya tamko la forodha, na asiguse kifaa cha ufuatiliaji cha kielektroniki pale kilipofungwa. Kwa safari za kuvuka mipaka, Kadi ya Njano ya COMESA hutambuliwa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo.

Kwa ufupi, mpangilio ni huu: TIN kwanza, mwaka wa kutengenezwa pili, kikokotoo cha URA tatu, na fedha za muuzaji mwisho. Anayeanza na fedha hana tena nguvu ya kujadiliana na yeyote.