Fort Apache: Kambi ya Jeshi Iliyogeuzwa Shule

Mwaka 1999, kabila la White Mountain Apache la jimbo la Arizona liliipeleka Serikali ya Marekani mahakamani. Lilidai kuwa majengo ya Fort Apache, yenye Shule ya Theodore Roosevelt, yamechakaa mikononi mwa serikali, na ukarabati wake ungegharimu dola milioni 14.

Chimbuko la mgogoro huo ni mwaka 1870, jeshi lilipopiga kambi kando ya mto White. Ngome hiyo ilitumika katika vita dhidi ya Waapache, huku baadhi yao wakiandikishwa jeshini kuwafuatilia Waapache wenzao. Wanajeshi waliondoka mwaka 1922. Mwaka uliofuata serikali ikafungua hapo shule ya bweni kwa watoto wa wenyeji wa asili.

Shule za serikali za aina hiyo ziliendeshwa kijeshi. Watoto walinyolewa nywele, wakavalishwa sare, wakapigwa marufuku kuzungumza lugha za kwao. Wanafunzi wa mwanzo hapo Fort Apache wengi walikuwa Wanavajo, waliotolewa mbali na makwao. Baadaye Waapache ndio wakawa wengi.

Mwaka 1960 Bunge la Marekani lilitamka kwamba mali hiyo ni amana inayoshikwa na serikali kwa niaba ya kabila. Hata hivyo, serikali ilibakishiwa haki ya kuitumia kwa ofisi na shule. Iliitumia kweli, lakini kuta na mapaa yakaachwa yaharibike.

Mbele ya Mahakama ya Juu, serikali ilijitetea kuwa sheria ile haikuiagiza popote kufanya matengenezo. Machi 2003, majaji watano dhidi ya wanne waliukataa utetezi huo: anayekabidhiwa amana, tena akaitumia, hana ruhusa ya kuiacha ibomoke. Mwaka 2005 pande hizo zilipatana kwa dola milioni 12.

Mwaka 2012 Fort Apache na shule yake vilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Uendeshaji wa shule ulishapita kwa bodi ya kabila, na makumbusho ya Waapache yako papo hapo. Kabila lingeweza kuyaacha majengo hayo yafe pamoja na machungu yake. Badala yake liliyadai, likayatengeneza, na sasa ndilo linalosimulia yaliyotendeka ndani yake.