Land Rover juu ya mawe

Mjini Same, nyuma ya gereji za kando ya barabara kuu ya kwenda Arusha, Land Rover 109 iliyo juu ya mawe haimshangazi mtu. Injini haipo, taa zimeng'olewa, mlango umebaki mmoja, na kuku wanataga palipokuwa na kiti cha dereva. Mwenye mali anaiuza kwa bei ya chuma chakavu, mradi uje na winchi yako. Mnunuzi huuliza imebaki nini. Mimi hujiuliza imewezaje kukaa miaka yote hiyo bila kukatwakatwa na kupelekwa kwenye mizani ya skrepa.

Sehemu ya jibu iko Uingereza. Huko ndiko Land Rover ilikoundwa, ingawa ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa imekwisha, chuma kikigawiwa kwa kibali, huku aluminiamu ya viwanda vya ndege ikipatikana kwa wingi. Kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu isiyoota kutu, chesisi ikabaki ya chuma. Mwaka 1956 ikaja ile ndefu, yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na hiyo ndiyo iliyopanda milima ya Upare hadi ikawa kama mwenyeji.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, lakini ilipita tambarare. Mbaga, Suji, Vudee na Chome ziko juu, na kilele cha Shengena chenyewe kinapita mita 2,400. Mvua ikinyesha, udongo ule mwekundu huwa sabuni. Gari la kufika huko lilihitaji kuvuta kwa magurudumu yote manne na kuwa na gia ndogo ya kupandia taratibu, bila haraka. Serikali ilikuwa nazo, misheni zilikuwa nazo, mashirika ya umma yakafuata na namba zao za SU. Zilipochoka zikauzwa mnadani, na wafanyabiashara wakazigeuza gari za abiria: mabenchi mawili nyuma, magunia juu, utingo amening'inia na gogo mkononi, tayari kuruka na kulisukumia chini ya tairi gari likianza kurudi nyuma.

Kisha ikaja miaka mibaya. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na Same, ambayo kwa Taveta si mbali, ikatengwa na maduka ya spea ya Nairobi. Mwaka uliofuata ikaja vita ya Kagera, magari ya raia yakachukuliwa kwenda mstari wa mbele. Mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikaadimika. Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye boksi la beringi stoo alilala macho. Magari yaliyokuwa juu ya mawe wakati huo hayakuwa mabovu hivyo. Mengine yalikosa kitu kimoja tu, pampu ya nozeli au diski ya klachi, yakasubiri. Na gari linalosubiri huanza kuazimwa vifaa. Leo jirani anaomba dainamo, kesho anarudi kwa gia boksi. Hivyo ndivyo mengi yalivyobaki mifupa.

Wapo wanaopenda kukumbusha kwamba Wapare wanafua chuma tangu enzi za ukoo wa Washana wa Ugweno. Ni kweli, lakini naona mwalimu mkuu wa mafundi wa Same alikuwa ukosefu wa spea. Walijifunza kufanya gari moja kutokana na matatu kwa sababu njia nyingine haikuwepo.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Bajeti ya mwaka 1984/85 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Cleopa Msuya, mtoto wa Usangi, Upare Kaskazini. Spea zikarudi madukani. Kinaya ni kwamba mlango uleule ndio uliowapitishia Wajapani: Hilux, Land Cruiser, baadaye magari ya mitumba kutoka Japani kwa makontena. Land Rover ikaachwa na waliokuwa na uwezo. Watu wa milimani wakaendelea nayo, kwa kuwa wao haja yao ilikuwa kufika.

Sasa ukitaka kununua moja ya hizo zilizobaki, usianze na bodi. Aluminiamu ikipondwa hunyooshwa. Lala chini na nyundo ndogo, ugonge chesisi toka mbele hadi boriti ya mwisho nyuma. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinatoa mlio mfu na kumwaga unga. Hapa Same ina neema yake: mji uko upande mkavu wa milima, na chesisi iliyokaa hapa miaka thelathini mara nyingi ni nzuri kuliko ya Tanga iliyokaa kumi ikipigwa na upepo wa chumvi. Halafu tazama ukuta unaotenganisha injini na dereva, hasa pale miguu inapokaa. Huo nao ni wa chuma na huliwa na kutu, na pale unapogusana na aluminiamu, aluminiamu ndiyo huliwa mbio.

Kukosekana kwa injini kusikutishe. Ile ya asili ya lita 2.25 bado hufufuliwa, na wengi wamekwisha kuweka Isuzu wala gari halijalalamika. Wapenda asili watanuna, wacha wanune. Kinachokula pesa ni vidogovidogo: bawaba, dashibodi, vishikio, vioo vya kusukuma. Gari lililokosa vitu hivyo mia ni ghali kuliko lililokosa injini, hata kama muuzaji anakuambia kinyume.

Tena bei zenyewe zimeanza kusogea. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover, ikilenga kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, na zaidi ya 1,000 yakajitokeza. Tangu hapo wapo wenye mikweche wasiokubali tena iitwe skrepa.

Kabla ya kutoa hela, omba kadi ya gari. Namba ya chesisi imegongwa mbele kulia, karibu na springi. Isugue kwa brashi ya waya na uilinganishe na ya kwenye kadi tarakimu kwa tarakimu. Kadi ikiwa bado ina jina la shirika lililokwisha kuvunjwa, dai hati ya mnada. Ikiwa ina jina la marehemu, familia ianzie mahakama ya mwanzo kwenye mirathi, na winchi isubiri.