Cherehani na Supu: Historia Fupi ya Bodi ya Walezi ya Wayahudi wa London

Neno letu sadaka na neno tzedakah la Kiebrania ni ndugu wa damu, ila la Kiebrania limebeba pia maana ya haki. Wazee walioanzisha Bodi hii walilishika hivyo: maskini anapewa kilicho chake.

Kabla ya Bodi kuanzishwa 1859, sinagogi tatu kubwa za Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) jijini ziligawa misaada kila moja kivyake, na mgeni asiye na sinagogi akawa anapigwa danadana. Ephraim Alex, daktari wa meno, ndiye aliyewaketisha wakuu wa sinagogi hizo pamoja na kuiongoza Bodi miaka 10 ya mwanzo. Katibu wa Bodi, Lionel Louis Cohen, alikuwa bado kijana tu. Mungu aliwakutanisha! Mmoja alikuwa na subira, mwingine alikuwa na kichwa cha mahesabu, na ukoo wa Cohen ukaendelea kuitumikia Bodi kizazi baada ya kizazi.

Fahari yetu kubwa ni cherehani. Fundi aliyefika mikono mitupu hakuishia kupewa mkate wa siku moja. Alipata cherehani, akailipia kidogo kidogo huku akishona. Mwenye mdhamini alikopeshwa mtaji bila riba. Watoto wa kiume walipelekwa kwa mafundi wakajifunze kazi.

Baada ya 1881, Wayahudi waliokimbia mashambulizi dhidi yao nchini Urusi walimiminika East End ya London. Mwoka mikate Simha Becker aliwalaza waliokosa pa kulala katika jengo lake. Kuhusu usafi wa pale palitokea kutoelewana na Bodi, pakafungwa; lakini mwaka huohuo wa 1885 ikazaliwa Hifadhi ya Muda ya Wayahudi Maskini, Hermann Landau akiwa mstari wa mbele. Wapo pia waliolipiwa na Bodi nauli ya kurudi walikotoka. Ilikuwa miaka migumu kwa kila mtu.

Yaliyofuata kwa ufupi: 1930, Hannah Cohen, mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Bodi. 1963, jina jipya, Jewish Welfare Board. 1990, muungano na Jewish Blind Society, iliyoanza 1819, ikazaliwa Jewish Care, inayotunza wazee hadi leo.

Jirani yetu mpendwa, Jiko la Supu la Brune Street lililolisha Wayahudi maskini, lilifunga milango 1992. Jengo lake sasa ni makazi ya watu, lakini juu ya mlango bakuli la supu lililochongwa 1902 lingalipo.