Goti Linalosubiri Upasuaji: Namna ya Kuishi Nalo Mpaka Zamu Ifike

Kutoka Mbuchi hadi Muhimbili ni safari ndefu hata kwa mtu mzima wa viungo. Kuna tope, kuna boti au bodaboda, kisha basi mpaka Dar es Salaam. Kwa mwenye goti lililosagika, safari hiyo humtoa jasho kabla hajafika hata barabara kuu. Akifika huko na kuambiwa kwamba goti linahitaji kubadilishwa lakini asubiri zamu yake, hurudi nyumbani na swali moja ambalo wasikilizaji wetu wanatuuliza mara kwa mara: nitaishije mpaka siku hiyo?

Wengi hujibu swali hilo kwa kukaa. Wanaacha kutembea, wanameza dawa za dukani na kungoja simu. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa kuwa mguu utakaoingia nao chumba cha upasuaji ndio utakaojifunza kutembea nao upya. Ukiingia umenyauka na umekakamaa, kupona kunakuwa kugumu zaidi. Kwa hiyo tunaeleza hapa kazi ya kufanya wakati wa kusubiri.

Ndani ya goti kuna nini

Goti ni mahali mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na telezi kama ile nyeupe unayoiona kwenye kiungo cha mguu wa kuku. Miaka ikienda, uzito ukizidi, au goti likiwa liliwahi kuumia, gegedu hulika. Mwishowe mfupa husuguana na mfupa. Goti linauma, linavimba, linalia, na asubuhi linakuwa gumu kunyooka.

Watu husema goti "limekauka mafuta". Ukweli ni kwamba goti bovu mara nyingi huwa na maji mengi kuliko kawaida, ndiyo maana huvimba. Mpaka sasa hakuna kidonge, unga wala mafuta yaliyothibitishwa kuotesha gegedu iliyokwisha. Anayekuuzia dawa ya "kurudisha ute" anakula nauli yako ya hospitali.

Katika upasuaji, daktari huondoa nyuso za mifupa zilizolika na kuweka za chuma, na katikati huweka plastiki ngumu. Nchini kwetu huduma hii inatolewa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, na pia Hospitali ya Mloganzila. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, uliotumia kumbukumbu za wagonjwa wa nchi kadhaa, ulionyesha kwamba takriban magoti bandia 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kusubiri kuna maana, basi.

Mazoezi: fanya kila siku, hata kama ni machache

Msuli wa mbele ya paja ndio mlinzi wa goti. Usipotumika hunyauka, na mzigo wote huangukia mifupa. Mazoezi mepesi hayasagi goti zaidi. Haya matatu hayahitaji kifaa chochote:

1. Lala chali au kaa kitandani, mguu umenyooka. Kandamiza goti chini mpaka uone paja limekaza. Hesabu mpaka 5, achia. Rudia mara 10.

2. Lala chali, kunja mguu ulio mzima, nyoosha ule mbovu. Uinue ukiwa umenyooka, kiasi cha shubiri moja au mbili. Hesabu mpaka 5, shusha taratibu. Rudia mara 10.

3. Kaa kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Simama, kisha kaa polepole, ukijishikilia kama ni lazima. Anza na mara 5.

Fanya asubuhi na jioni. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi ni ya kawaida. Yakibaki makali mpaka kesho yake, punguza idadi lakini usiache. Tembea pia kila siku, mwendo mfupi mara nyingi kuliko mrefu mara moja.

Usilale na mto chini ya goti. Unaleta nafuu usiku, lakini goti huzoea kukunjika na baadaye hukataa kunyooka. Ukitaka mto, uweke chini ya kisigino.

Kwa aliyenenepa, kila kilo moja anayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Punguza sukari kwenye chai, vitumbua na wali wa kujaza sahani. Samaki, mboga na maharage baki navyo, kwa sababu msuli unavihitaji.

Fimbo ina upande wake

Wengi hushika fimbo upande wa goti linalouma. Ni makosa. Goti bovu likiwa la kulia, shika fimbo kwa mkono wa kushoto, na uipeleke mbele pamoja na mguu mbovu. Urefu wake ufike usawa wa kifundo cha mkono wako ukiwa umesimama na mikono imening'inia. Chini yake funga kipande cha mpira wa tairi ili isiteleze kwenye tope.

Kwenye ngazi, unapopanda tanguliza mguu mzima. Unaposhuka tanguliza fimbo na mguu mbovu. Ukisafiri kwa boti, panda wakati maji yamejaa kama inawezekana, usije ukavuka tope kwa umbali mrefu. Kaa kwanza kwenye ukingo, kisha geuka uingize miguu. Mruhusu kijana akushike mkono, hakuna aibu.

Badilisha nyumba kabla goti halijabadilishwa

Kazi nyingi za kwetu hufanyika chini. Mtu huchuchumaa chooni, hukaa kwenye kigoda jikoni, hukalia mbuzi kukuna nazi, huinama kwenye jaruba la mpunga. Hizo ndizo namna zinazolibana goti kuliko zote.

Chooni, fundi wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kikawekwa juu ya shimo. Jikoni, inua jiko juu ya matofali au meza imara upike ukiwa umekaa kwenye kiti cha kawaida. Nazi ikunwe na mwingine. Maji yabebwe kwa baiskeli au na watoto. Wakati wa kupanda na kupalilia mpunga, omba kazi za kukaa kitini, kama kupepeta, kuchambua dagaa au kushona makuti. Bado unachangia nyumba yako.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi huku Delta, swala ni jambo linalowaumiza moyo wagonjwa. Dini imemruhusu asiyeweza kusimama au kusujudu aswali ameketi. Kaa kwenye kiti bila kinyongo, na ukiwa na shaka muulize imamu wako.

Mabadiliko haya yatakusaidia hata baadaye. Goti bandia hutembea vizuri, ila kuchuchumaa na kupiga magoti mara nyingi hubaki vigumu. Kiti cha choo unachotengeneza leo utakihitaji hata baada ya kutoka hospitali.

Dawa za maumivu

Goti likivimba baada ya kazi, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Barafu ya wanunuzi wa kamba inafaa, mradi isigusane na ngozi moja kwa moja. Goti likikakamaa asubuhi, tumia kitambaa cha maji ya moto ya kustahimilika.

Paracetamol ni ya kuanzia kwa wengi. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe apate ushauri kwanza. Dawa ya kupaka yenye diclofenac husaidia goti na ina madhara machache kuliko vidonge.

Vidonge vya diclofenac na ibuprofen vinahitaji tahadhari kubwa. Vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Usivimeze viwili kwa pamoja, wala usivitumie kwa wiki nyingi bila daktari kujua. Prednisolone na dexamethasone huondoa maumivu haraka, lakini zikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Kuwa na wasiwasi na "dawa ya asili" yoyote inayoponya maumivu ndani ya siku moja, maana baadhi huwa zimechanganywa na dawa hizo kwa siri.

Mambo yanayoahirisha upasuaji

Adui mkubwa wa goti bandia ni vijidudu. Kidonda kidogo tu mguuni kinaweza kumfanya daktari aahirishe. Kwa hiyo, usichanjwe chale wala kuumikwa kwenye goti. Tibu fangasi za vidoleni, majipu na vidonda vya tope mapema. Meno yaliyooza yang'olewe au kuzibwa kabla. Ukihisi maumivu wakati wa kukojoa, kapime mkojo.

Mtu akitaka kukudunga sindano ndani ya goti, mwambie kwanza kwamba uko kwenye orodha ya upasuaji. Sindano ya dawa za aina ya steroidi ikichomwa chini ya miezi 3 kabla ya upasuaji huongeza hatari ya goti jipya kupata usaha.

Presha na sukari nazo huwarudisha watu nyumbani wakiwa wameshafika hospitali. Pima kwenye zahanati kila mwezi na uandikiwe kwenye daftari. Pima pia wingi wa damu. Kama unavuta sigara, acha sasa, kwa kuwa moshi huchelewesha kidonda kupona.

Karatasi, pesa na simu

Rufaa hupanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya Kibiti, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Tumbi, kisha hospitali za juu. Tunza barua ya rufaa, picha za eksrei na daftari lako ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Waliopitiwa na mafuriko ya Aprili 2024 wanajua kwa nini tunasema hivyo.

Kama una bima, uliza mapema kama inalipia goti bandia lenyewe, maana kifaa hicho hubeba sehemu kubwa ya gharama. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ukaulize msamaha wako unafika wapi, kabla familia haijauza shamba.

Acha hospitalini namba mbili za simu: yako, na ya ndugu anayekaa penye mtandao wa uhakika. Ukipigiwa usipatikane, nafasi inaweza kwenda kwa mwingine. Wakati wa masika, ondoka nyumbani siku kadhaa kabla. Na tafuta mapema ndugu wa kufikia Dar es Salaam mwenye nyumba isiyo na ngazi nyingi, kwa sababu baada ya kuruhusiwa utahitaji kuwa karibu na kliniki na mazoezi.

Usisubiri ukiona haya

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kama goti ni jekundu, la moto na una homa. Kama umeanguka na huwezi kukanyaga. Kama shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma ghafla. Au kama unapata choo cheusi kama lami ukiwa unatumia dawa za maumivu. Choo cheusi ni dalili ya damu inayovuja tumboni.

Neno kwa wa nyumbani

Bibi anayelia usiku kwa goti hadeki. Maumivu ya muda mrefu hukata usingizi, hamu ya kula na moyo wa kuzungumza na watu. Mhesabie mazoezi yake, mpeleke kupima presha, mkalishe barazani wenzake wanapokutana. Daktari atafanya kazi yake kwa saa chache. Miezi ya kabla ya hapo iko mikononi mwa mgonjwa na nyinyi mnaoishi naye.