Rusizi: mto mmoja, umeme wa nchi tatu

Chini ya mji wa Kamembe, mahali ambapo Rwanda na Kongo hutenganishwa na daraja fupi, maji ya Ziwa Kivu hutoka na kuwa mto Rusizi. Kutoka hapo hadi Ziwa Tanganyika mto huporomoka karibu mita 700. Kabla dunia haijaanza kuzungumzia hewa ya ukaa, mporomoko huo ulikuwa ukiwasha taa bila kuchoma kuni wala mafuta.

Bwawa la kwanza, Rusizi I, lilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, likapanuliwa mwaka 1972 hadi kukaribia megawati 30. Liko upande wa Kongo na linaendeshwa na shirika la umeme la huko, SNEL.

Baada ya uhuru lilibaki swali la nani mwenye mto. Jibu lilikuwa kuumiliki pamoja: mwaka 1983 Rwanda, Burundi na Zaire (Kongo ya leo) ziliunda kampuni ya SINELAC, na mwaka 1989 Rusizi II ikaanza kazi. Leo ina uwezo wa karibu megawati 44. Tangu hapo majirani hawa wamegombana mara nyingi, hata kwa silaha, lakini kampuni imebaki ya wote watatu.

Si kwamba maji yametosha siku zote. Katikati ya miaka ya 2000 vina vya maziwa vilishuka, umeme ukawa haba, na Rwanda ikalazimika kukodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Baadaye, katika wilaya ya Rwanda iitwayo pia Rusizi, ulijengwa mtambo wa Gishoma wa megawati 15 wa kuchoma nyiramugengeri, udongo mweusi wa mabondeni. Huo ni umeme wa nyumbani, lakini moshi wake ni moshi.

Sasa macho yako Rusizi III, iliyosanifiwa kutoa megawati 206, zaidi ya mara mbili ya vituo viwili vya kwanza vikijumlishwa. Nchi tatu zilisaini mikataba na wawekezaji mwaka 2019, baada ya mazungumzo ya miaka mingi.

Wakati huohuo, Rusizi I inapambana na adui mwingine. Mvua hukokota chupa na mifuko kutoka vilima vya mji wa Bukavu, upande wa Kongo, hadi ziwani, mkondo ukazisukuma hadi bwawani. Wafanyakazi huzoa taka juu ya maji, na wapiga mbizi hushuka kuondoa zilizozama. Zikipenya, huziba mitambo na mitaa hubaki gizani.

Mabwawa hujengwa na serikali na mabenki, lakini maji yanayoyaendesha hulindwa na wakazi wa pande zote. Anayetaka umeme safi wa Rusizi aanze na mfereji wa mtaani kwake: chupa isifike ziwani.